Theluthi Mbili ya Paa

Tone la kwanza liliniangukia usoni mchana kweupe, Jumanne moja nilipokuwa nimejinyoosha kitandani baada ya chakula. Nikafumbua macho. Ufa ulikuwa umeanzia juu ya kabati la marehemu mume wangu Lyuben, ukakata dari nzima mpaka dirishani, na maji yalikuwa yakiufuata taratibu kama wageni wanaoijua njia. Nikasema, haya Tsonka, kazi imekupata.

Ninakaa ghorofa ya nane, ya mwisho. Juu yangu pana paa bapa la zege tu, lililomwagwa na vijana waliokuwa na haraka ya kwenda mpirani, na mimi niliwaona kwa macho yangu kwa sababu ndiyo siku tuliyokuja na Lyuben kutazama tutakapoishi. Jengo letu lina ngazi tatu, kila moja na mlango wake wa kuingilia na fleti zake, na yetu ni B, yenye fleti ishirini na nne. Fleti ni yako mpaka kwenye plasta. Kuta zenyewe, ngazi, lifti, mabomba na paa ni mali ya wote, na kila mmoja ana hisa yake iliyoandikwa kwenye hati.

Wakati ule waliokuwa wakilala ngazi B walikuwa watu wawili: mimi, na Mzee Asparuh wa ghorofa ya pili, miaka themanini na minane, fundi saa mstaafu. Wengine wametawanyika ughaibuni: Valencia, Leicester, Stuttgart, Larnaka. Kiwanda cha matairi kilipofungwa mji wetu ulimwagika kama gunia lililochanika, ukabaki Mto Danube na sisi wazee wa kuutazama. Fleti namba kumi na saba ina warithi saba wasiosemezana. Mmoja wao inasemekana yuko Kanada, ingawa hakuna aliyemwona akienda.

Nataka ieleweke kwamba pesa ya paa ninayo. Niliuza shamba la mizabibu la baba, nikaiweka, wala sikumwomba mtu hata senti. Nilichokosa ni ruhusa. Sheria ilisema hivi: kiraka tia utakavyo, lakini kubomoa paa la wote na kulijenga upya, sharti wenye theluthi mbili ya hisa waseme ndiyo mkutanoni. Asiyekuja anahesabiwa hakusema ndiyo. Mimi na mzee tulikuwa wawili kati ya ishirini na wanne. Nimeendesha kreni miaka thelathini na mmoja, hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

Hata hivyo nikabandika tangazo la mkutano kwenye mlango wa chini. Mlango huo ndio gazeti letu. Hapo ndipo tunapobandika tanzia pia, picha ya marehemu na maneno machache, mtu anapokufa, kisha siku ya arobaini, kisha nusu mwaka, kisha kila mwaka mpaka wenyewe wachoke. Nilipata nafasi ndogo kati ya Lyuben, mwaka wa tatu, na mama mmoja wa ghorofa ya tano. Nikaandika: mkutano wa ngazi, saa kumi na moja jioni, ajenda ni paa.

Mikutano yetu hufanyika ngazini, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, tangu jengo lilipojengwa. Mzee Asparuh alishuka na kiti chake na chupa ya pilipili hoho za siki. Nikafungua daftari la ngazi.

"Tumefika wangapi, binti?" akauliza.

"Wawili, mzee."

"Sheria inasemaje?"

"Watu wasipotimia tungoje saa nzima, halafu tuanze."

"Basi tungoje. Huenda Valencia kuna foleni."

Tukangoja. Alikula pilipili tatu, akanihadithia jinsi alivyoitengeneza saa ya meya mara nne na meya hakumlipa hata asante. Saa ilipotimia tukapiga kura, wote wawili tukaunga mkono, akatia sahihi kwa mwandiko wake mdogo unaonyooka kama rula. Ofisi ya mji ikaturudishia karatasi baada ya wiki moja: hisa hazitoshi.

Mwezi wa kumi na moja Mzee Asparuh akafa, akiwa ameketi mezani. Mpwa wake alikuja kutoka kijijini, akamzika, akafunga fleti, akarudi. Tanzia nilibandika mimi. Niliibandika vizuri, nikaikandamiza pembe zote nne, halafu nikasimama pale nikijiuliza ninambandikia nani. Mleta barua alikuwa haji tena ila mara moja kwa wiki. Nililia pale mlangoni bila kujificha, kwa kuwa hapakuwa na wa kujificha asinione.

Majira hayo ya baridi nililala jikoni, chumbani nimepanga mabeseni. Machi nikaenda kwa wakili. Jina lake Iskra Velcheva, binti mdogo mwenye koti kubwa kuliko yeye, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Nilimweleza kila kitu, naye akanisikiliza bila kutazama simu, jambo lililonifanya nimwamini.

"Shangazi," akasema, "Katiba inasema mali ya mtu haiguswi ovyo. Sheria hii imewapa watu ambao hawapo uwezo wa kuiozesha nyumba yako kwa kunyamaza tu."

"Na wananyamaza vizuri sana, mwanangu."

"Sasa sisi hatutagombana na majirani. Tutagombana na sheria yenyewe. Nitamwomba jaji wa hapa aipelekee Mahakama ya Katiba swali: je, ni halali kimya cha mtu kimzidi nguvu aliyepo?"

"Itachukua muda gani?"

"Mwaka. Zaidi ya mwaka. Ila nina sharti moja. Nataka kila mwenye hisa aambiwe, kwa kila hatua, na aseme lake, anaunga au anapinga. Asije mtu kesho akadai hakusikilizwa. Utawapigia simu."

"Wote?"

"Wote ishirini na watatu, shangazi. Na warithi wao."

Nilikaribia kumwambia anirudishie karatasi zangu. Mimi si mtu wa simu. Kwenye kreni tulikuwa tunazungumza kwa mikono.

Namba nilizitoa kwenye daftari la ngazi, nyingine kwa shemeji wa binamu wa mtu. Wa kwanza kumpigia alikuwa Snezhina wa ghorofa ya sita, ambaye yuko Valencia akimtunza bibi mmoja wa huko asiyeweza kutembea. Aliona namba ya nyumbani, akapokea akiwa tayari anatweta.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Paa."

"Nani?"

"Paa, Snezhina. Paa limepasuka."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Samahani dada," akasema alipotulia. "Hebu niambie. Mwezi wa tisa ngazini bado panasikika harufu ya pilipili za kuchoma?"

"Panasikika," nikamdanganya.

Zamani kila fleti ilizichoma za akiba ya baridi. Sasa nani angechoma, na mimi peke yangu nakula pilipili ngapi? Lakini sipendi kusema uongo. Septemba ilipofika nikanunua kilo kumi, nikalitoa jiko la kuchomea mpaka kwenye korido ya ghorofa ya sita, nikazichoma mlangoni kwake mpaka moshi ukateremka chini kwenye mlango mkuu. Nikampigia nikamwambia, vuta pumzi. Tangu hapo Snezhina akawa ananipigia kila Alhamisi, mapumziko yake, na habari za kesi zikawa dakika mbili za mwisho.

Lakini aliyenisumbua kuliko wote alikuwa Gencho Raykov wa namba ishirini na mbili, ukuta wake na wangu ni mmoja. Yuko Stuttgart. Yeye na Lyuben walikuwa wakicheza tavla, mchezo wa ubao wa dadu na kete, kila jioni, wakitukanana kwa kila kete.

"Shemeji," akaniambia siku ya kwanza, "ninapinga."

"Unapinga nini, Gencho? Hujalala humu miaka kumi na tisa!"

"Leo unaezeka paa, kesho unajijengea chumba juu yake, keshokutwa una bustani na bata."

"Bata wa nini, we mzee? Maji yananidondokea kitandani!"

"Sogeza kitanda."

Nikamkatia simu. Akapiga tena Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, kuniambia ameandika barua kurasa kumi na nne kwa mahakama. Nikamwambia Mungu akipenda majaji wataifungia samaki. Akaniita kreni iliyopata kutu. Nikamwambia hata kutu ina faida, inakaa mahali ilipo. Nikadhani nimemuumiza, lakini alikuwa anacheka.

Ikawa desturi. Kila Jumapili saa nne Gencho anapiga kunipinga. Alipinga paa, akapinga rangi ya zege, akapinga namna ninavyofagia. Nilianza kujiandaa tangu Jumamosi: naandika matusi yangu kwenye kikaratasi, naweka kahawa tayari, hata nilikuwa nachana nywele, ingawa hanioni.

"Kelele za mlango hazininyimi usingizi," nilimwambia mara moja.

"Basi mbona umepokea kwa mlio wa kwanza?"

Siku nyingine, katikati ya ugomvi, nilimuuliza kwa nini hasa anapinga, maana yeye si mjinga na paa likianguka litaangukia na kwake.

"Nitakwambia," akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo. "Huko kwetu sina mtu. Kaka amekufa, kaburi la mama nalipia lifagiliwe na mtu nisiyemjua. Nilichobakiwa nacho ni hii hapana yangu. Ikihesabiwa, nina nyumba. Isipohesabiwa, nina karatasi tu kwenye droo."

Nikamwambia kahawa yangu inapoa.

Jaji wa kwetu alipokubali swali na kulipeleka Mahakama ya Katiba, mjini Sofia, Iskra aliwakusanya wenye hisa kwenye kundi moja la simu ili wasikie wote pamoja, ingawa kisheria kura ya simu haihesabiwi. Nikaitisha mkutano pale pale ngazini. Niliketi kwenye daraja langu, nikaiegemeza simu kwenye daraja la juu, na kutoka humo zikaja sauti kumi na sita. Ngazi nzima ikajaa. Warithi wa kumi na saba walianza kusemezana kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yao, na walisemezana kwa kupiga kelele. Mtu wa Leicester akamshtaki mtu wa Larnaka kwamba ndiye aliyevunja kisanduku cha barua wakati wakiwa watoto. Snezhina akaniomba nimwonyeshe mlango wake, nikapanda nao wote mpaka ghorofa ya sita, simu mkononi, wao wakisema polepole dada, utaanguka. Gencho alipinga mara tisa. Kwa saa mbili na nusu hatukuamua kitu chochote, na sikumbuki kufurahi hivyo tangu Lyuben alipokuwa hai.

Miezi ikaenda. Nilitia viraka, nikabadilisha mabeseni. Watu wa mtaani wakiniuliza kesi imefika wapi nilikuwa najibu, taratibu, taratibu, na kusema kweli sikuwa na haraka tena. Hilo nililijua moyoni nikalifunika, kama mtu anavyofunika sufuria iliyoungua ili asiisikie harufu.

Hukumu ilitoka Mei, mwaka wa pili. Iskra alipiga akiwa anakimbia, nilisikia viatu vyake.

"Shangazi, tumeshinda! Wamekifuta kifungu. Wanasema mwenye mali aliyetangaziwa inavyotakiwa, asije wala asitume mtu, hawezi kumzuia anayeishi ndani. Wataamua waliofika."

"Yaani asiyekuwapo na lake halipo."

"Hivyohivyo, ila wao wametumia kurasa arobaini."

"Na Gencho? Yeye hakunyamaza, kaandika kurasa kumi na nne."

"Barua si kura. Aje, au amtume mtu amwakilishe. Ana mtu huko?"

"Hana."

"Basi imekwisha. Unabandika tangazo mlangoni, siku kumi na nne zikipita unafanya mkutano wako."

"Na simu? Niwapigie kuwaambia tarehe?"

"Hakuna haja tena, shangazi wangu. Mlango unatosha. Pumzika sasa, umeteseka vya kutosha."

Nilimshukuru sana, maana alifanya kazi ya watu watatu. Kisha nikampigia Gencho, nimeshika kikaratasi changu cha matusi ya ushindi. Nilikuwa na matusi sita mazuri.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Hongera, shemeji. Jenga."

"Hukati rufaa?"

"Juu ya mahakama ile yuko Mungu peke yake, naye barua zangu hajibu."

"Gencho, nitajenga na chumba. Nitafuga bata."

"Fuga," akasema. "Nakutakia afya njema." Akakata, kwa adabu kabisa.

Mafundi walikuja Juni. Walibomoa, wakamwaga, wakatandaza lami, wakapiga zinki pembeni. Ni kazi safi, sina lawama. Mvua ya kwanza ya vuli nilijilaza kitandani kwangu nikaisikiliza ikipiga juu bila kuingia. Chumba kikavu. Mabeseni niliyaosha nikayaweka kwenye roshani.

Jumapili saa nne nilikuwa nimekaa na kahawa. Saa nne na nusu nikainywa.

Kundi la simu lilianza kupungua. Halikuwa na kazi tena, na watu wana maisha yao, siwalaumu. Inatokea tu mstari mdogo kwenye kioo cha simu: fulani amejitoa. Wa Leicester alijitoa, wa Larnaka akajitoa, warithi saba wakajitoa siku moja, angalau hilo walikubaliana. Snezhina hakujitoa, ila yule bibi aliyekuwa akimtunza alikufa, akapata kazi kwa wazee wengine wawili, na Alhamisi yake ikaliwa. Nilimpigia mara mbili. Mara zote alipokea akitweta, "Nani amekufa?" na nilipomwambia hakuna, akasema basi nitakupigia, dada, niko na mtu bafuni.

Oktoba nilifanya upumbavu, na ninausimulia kwa sababu sina aibu ya mambo ya kweli. Nikaandika tangazo: mkutano wa ngazi, ajenda ni moja, kupaka ngazi nzima rangi ya zambarau, kuanzia mlango mkuu mpaka ghorofa ya nane, na milango yote ya fleti kwa nje. Nikalibandika chini kati ya tanzia. Nikalipiga picha, nikaituma Stuttgart. Nilimjua Gencho. Mtu huyu alipinga hata ufagio wangu. Kwa zambarau angepanda basi usiku huohuo.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Siku ya tatu likaja jibu.

"Paka upendavyo, shemeji. Sheria imekupa."

Siku kumi na nne zikatimia. Saa kumi na moja jioni nikashuka na daftari, nikaketi mahali pangu. Tangu hukumu sikulazimika tena kungoja saa nzima, lakini nilingoja. Lifti haikusogea. Kisha nikafungua mkutano, nikaandika tarehe, waliohudhuria mmoja, nikaisoma hoja kwa sauti kubwa inayofika juu.

Nikauliza kama kuna mwenye la kusema. Nikasimama, nikasema yale ambayo Gencho angeyasema: kwamba ngazi hii si ya Tsonka, kwamba watu waliondoka wakiiacha ya kijivu na siku watakaporudi wana haki ya kuikuta ya kijivu, kwamba mtu anaweza kuwa mbali miaka kumi na tisa na bado akawa na mlango wake. Nilisema vizuri, nikamtukana hata mwenyekiti, yaani mimi mwenyewe, mara mbili. Halafu ikawa zamu yangu kumjibu, na nilikuwa nakubaliana naye.

Nikapiga kura. Wanaounga mkono, hakuna. Wanaopinga, nikanyoosha mkono, nikahesabu, nikaandika mmoja.